Shaba na Manganisi ya Lualaba katika Historia ya Kioo cha Spini

Utangulizi

Katika historia ya fizikia ya karne ya 20, kuna aloi moja iliyopewa nafasi kubwa kuliko umbo lake. Aloi hiyo ni shaba iliyotiwa manganisi kidogo, mara nyingi asilimia moja tu au asilimia chache. Haikubuniwa kwa ajili ya waya, sarafu wala mtambo wowote. Ilitengenezwa ili ichunguzwe, na uchunguzi huo umezaa nadharia ambayo leo hutumika katika hisabati, biolojia na sayansi ya kompyuta. Hali ambayo aloi hiyo huingia inapopozwa sana huitwa na wanafizikia "kioo cha spini".

Makala haya yanaitazama historia hiyo kutoka upande usiozoeleka, yaani upande wa nchi ambamo metali zote mbili huchimbwa. Shaba ya Kolwezi na manganisi ya Kisenge zimo leo katika mkoa mmoja, mkoa wa Lualaba, katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Haidaiwi hapa kwamba vipande vilivyopimwa katika maabara za Ulaya na Amerika vilitoka Lualaba, kwa kuwa shaba ya Katanga ikishasafishwa haitofautiki na shaba ya Chile. Hoja ya makala ni nyingine. Kwa muda wa karne moja na zaidi, uhusiano kati ya ardhi hii na elimu ya metali zake umekuwa wa kibiashara tu. Metali ilitoka, elimu haikurudi, na moja ya sababu za elimu kutorudi ni lugha. Matokeo ya hali hiyo yalionekana waziwazi mwaka 1978.

Nchi ya metali

Uchimbaji wa shaba katika Katanga haukuanzishwa na wakoloni. Makaburi ya Sanga, karibu na ziwa Kisale katika bonde la Lualaba, yanaonyesha kwamba shaba ilikuwa ikitumika kwa mapambo zaidi ya miaka elfu moja iliyopita. Baadaye ilipata umbo la misalaba midogo iliyotumika kama fedha. Mafundi walichimba malakiti, jiwe la kijani, wakaliyeyusha kwa makaa katika tanuri za udongo.

Katika karne ya 19, Msiri, aliyetoka Unyamwezi, alijijengea dola yenye makao makuu Bunkeya. Shaba na pembe za ndovu za dola hiyo zilikwenda pwani ya mashariki na pwani ya magharibi pia. Msiri aliuawa tarehe 20 Desemba 1891 na watu wa msafara uliotumwa kwa niaba ya Dola Huru ya Kongo. Muda mfupi baadaye mwanajiolojia Jules Cornet alieleza utajiri wa ardhi hiyo kwa lugha ya kitaalamu. Kampuni ya Union Minière du Haut-Katanga iliundwa mwaka 1906, tanuri ya Lubumbashi ikaanza kutoa shaba mwaka 1911, na mji wa Kolwezi ukaanzishwa mwaka 1937.

Reli ya kutoka Tenke hadi Dilolo ilikamilika mwaka 1931, ikaungana na reli ya Benguela iendayo bandari ya Lobito, Angola. Magharibi ya Kolwezi, si mbali na reli hiyo, ndiko kuliko manganisi ya Kisenge. Basi manganisi, pamoja na sehemu ya shaba, vilisafirishwa kwa njia moja kuelekea bandari moja. Mwaka 1975 vita vya Angola viliifunga njia hiyo. Shaba ilipata njia nyingine, zikiwa ndefu na za gharama. Manganisi, ambayo thamani yake kwa tani ni ndogo mno kubeba gharama hizo, ilikwama.

Metali na majina yake

Majina ya metali hizi yana historia inayostahili kuangaliwa na mwanaisimu. Neno "shaba" lina asili ya Kiarabu. Katika Kiswahili cha pwani neno hilo lilihusu shaba nyekundu na pia shaba ya manjano, ambayo kwa hakika ni aloi ya shaba na zinki. Kwa maneno mengine, msemaji wa kawaida hakutenganisha metali safi na metali iliyochanganywa. Katika Kibemba na Kiluba neno ni "mukuba". Hata hivyo, serikali ya Mobutu ilipolifuta jina la Katanga mwanzoni mwa miaka ya 1970, haikuuita mkoa kwa neno la lugha hizo, bali kwa neno la Kiswahili: Shaba. Jina hilo lilidumu hadi mwaka 1997.

"Kobalti" limetoka kwa wachimbaji wa Ujerumani. Waliona jiwe lililofanana na madini ya fedha, lakini lilipochomwa lilitoa moshi wenye sumu badala ya fedha. Wakasema limechezewa na Kobold, pepo wa mgodini. Katika miaka ya 1730 mkemia wa Uswidi, Georg Brandt, alithibitisha kwamba ndani yake mna metali mpya.

"Manganisi" nalo lina undugu na neno ambalo lugha za Ulaya hulitumia kwa sumaku, kwani yote mawili yanatokana na Magnesia, jina la mahali huko Ugiriki. Wahenga wa huko waliyaita mawe mawili meusi kwa jina moja, ingawa moja tu ndilo lililovuta chuma. Jambo la kushangaza ni kwamba karne ya 20 iliuthibitisha undugu huo kwa njia ambayo hakuna aliyeitazamia. Kipande cha manganisi hakishikwi na sumaku kama chuma, lakini atomu moja ya manganisi ikiwekwa peke yake ndani ya shaba huwa ni sumaku ndogo yenye nguvu.

Aloi isiyokubaliana

Shaba safi haina usumaku wa kudumu. Atomu za manganisi zikitawanywa ndani yake bila mpango, kila moja huwa na spini, ambayo inaweza kufikiriwa kama mshale mdogo unaoonyesha upande fulani. Mishale hiyo iko mbali mno kugusana. Mjumbe kati yao ni elektroni za shaba, zinazotembea huru katika metali nzima. Jinsi ujumbe huo unavyopita ilielezwa na Ruderman na Kittel mwaka 1954, Kasuya mwaka 1956, na Yosida mwaka 1957. Nadharia yao ilionyesha kwamba ujumbe hubadilika kwa kadiri ya umbali. Kwa umbali fulani elektroni huziamuru atomu mbili zielekee upande mmoja. Umbali ukizidi kidogo, amri hugeuka na kuzitaka zipingane.

Hapo ndipo tatizo huanza. Tuseme atomu tatu zimekaa kama mafiga, na kila jozi inatakiwa kupingana. Ya kwanza ikielekea juu, ya pili itaelekea chini. Ya tatu ifanye nini? Ikielekea juu itakosana na ya kwanza, ikielekea chini itakosana na ya pili. Hakuna mpangilio utakaozitosheleza zote. Katika kipande cha aloi mna mafiga ya namna hiyo yasiyo na idadi, na umbali kati ya atomu hautabiriki. Mwaka 1977 Mfaransa Gérard Toulouse alilipa jambo hilo jina la kitaalamu ambalo kwa Kiswahili linaweza kuitwa "mkwamo".

Vipimo vilitangulia nadharia. Katika miaka ya 1950 watafiti wa Marekani na wa Leiden, Uholanzi, walipima shaba yenye manganisi katika baridi kali, wakaona tabia isiyolingana na ya sumaku ya kawaida wala ya metali isiyo sumaku. Si ajabu kwamba Leiden ilikuwa mstari wa mbele, kwani ndipo heliamu ilipogeuzwa kuwa kimiminiko kwa mara ya kwanza, mwaka 1908, na bila heliamu hiyo mambo haya hayaonekani. Aloi yenye manganisi ya asilimia moja huingia katika hali yake mpya penye nyuzi 10 hivi za Kelvini, yaani takribani nyuzi 263 za Selsiasi chini ya sifuri.

Mwaka 1972 Cannella na Mydosh walichapisha vipimo vya dhahabu yenye chuma kidogo. Walitumia uga wa sumaku ulio dhaifu sana, wakagundua kwamba mwitikio wa aloi hupanda kadiri inavyopozwa, kisha penye halijoto fulani huvunjika ghafla na kuanza kushuka. Kilele hicho chenye ncha kilikuwa dalili kwamba spini zote huganda kwa pamoja. Lakini haziku­gandia upande mmoja kama katika chuma. Kila moja iligandia upande wake. Jina la kioo, ambalo Bryan Coles wa London huhesabiwa kuwa ndiye aliyelipendekeza, lilifaa, kwani atomu za kioo cha dirisha nazo hukaa imara bila mpango wa fuwele.

Mwaka 1975 Edwards na Anderson walitoa nadharia ya kwanza ya hali hiyo, na mwaka huohuo Sherrington na Kirkpatrick wakatoa kielelezo chepesi zaidi, ambacho hata hivyo kilikataa kufumbuliwa kwa njia zilizojulikana. Mwaka 1979 Giorgio Parisi wa Italia alipata ufumbuzi wake. Ufumbuzi huo ulionyesha kwamba aloi haina hali moja tu ya utulivu, bali ina hali nyingi mno, zilizopangika kama matawi ya ukoo. Parisi alipewa sehemu ya Tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 2021.

Jambo jingine liligunduliwa Uppsala, Uswidi, na kuchapishwa mwaka 1983. Watafiti waliipoza shaba yenye manganisi bila uga wa sumaku, wakaiacha kwa muda, kisha wakaiwekea uga dhaifu. Jinsi aloi ilivyoitikia ilitegemea muda ambao ilikuwa imesubiri. Iliyosubiri sana iliitikia polepole zaidi kuliko iliyosubiri kidogo, ingawa vipande vyenyewe havikutofautiana kwa lolote. Kwa maneno mengine, aloi hiyo ina historia. Hali yake ya sasa haielezeki bila kujua yaliyoipata kabla.

Kolwezi, 1978

Wakati nadharia hiyo ikijengwa, Kolwezi ilikuwa ikipitia mambo mengine. Mali ya Union Minière ilikuwa imetaifishwa mwaka 1967, na kampuni ya taifa, iliyokuja kuitwa Gécamines, ndiyo iliyoendesha migodi. Pamoja na shaba ilitolewa kobalti, na kiwanda cha Luilu karibu na Kolwezi, kilichofunguliwa mwaka 1960, kilikuwa kati ya vyanzo vikuu vya metali hiyo duniani.

Kobalti ilikuwa uti wa mgongo wa sumaku za kudumu. Mwaka 1917 Kotaro Honda wa Japani alitengeneza chuma cha pua chenye kobalti, kilichozipita sumaku zote za wakati wake. Katika miaka ya 1930 ilifuata aloi ya alumini, nikeli na kobalti. Kuanzia miaka ya 1960 ilikuja aloi ya samari na kobalti, iliyokuwa na nguvu kuliko zote zilizoitangulia.

Tarehe 13 Mei 1978 wapiganaji wa FNLC walioingia kutoka upande wa Angola waliuteka mji wa Kolwezi. Tarehe 19 askari wa Ufaransa walishuka kwa miavuli, wakafuatwa na wa Ubelgiji. Mamia ya watu, Waafrika na Wazungu, waliuawa. Kwa wakazi huo ni msiba usiohitaji kuelezwa kwa takwimu za biashara. Lakini takwimu zenyewe zina funzo. Mwanzoni mwa mwaka 1978 kobalti iliuzwa chini ya dola 7 kwa ratili. Mwaka 1979 bei ya wazalishaji ilifika dola 25, na katika soko la papo kwa papo ilizidi hapo. Uzalishaji haukusimama kwa muda mrefu. Kilichopandisha bei kilikuwa zaidi ni hofu ya wanunuzi, ambao walianza kulimbikiza akiba.

Hofu hiyo ilifanya kazi ya pili, ambayo haikuonekana mara moja. Viwanda vya Japani na Marekani viliongeza juhudi za kutafuta sumaku isiyohitaji kobalti. Mwaka 1983, katika mkutano uliofanyika Pittsburgh, Masato Sagawa wa Sumitomo na John Croat wa General Motors walitangaza, kila mmoja kwa njia yake, sumaku mpya ya neodimi, chuma na boroni. Ilikuwa na nguvu kuliko ya samari na kobalti, na kiini chake kilikuwa chuma, metali ya bei rahisi. Katika kazi nyingi za sumaku, kobalti haikurudishiwa nafasi yake.

Kwa muda wa miaka mitano hivi, basi, wale walioijua kobalti kwa ndani walijifunza kuishi bila kobalti. Wale waliokuwa nayo ardhini hawakuwa na njia ya kuliona jambo hilo likija. Mjuzi wa aloi za sumaku angeweza kusema mapema, mwaka 1979, kwamba bei ile ilikuwa pia onyo. Kisha shida nyingine ziliiandama kampuni: mgodi wa chini ya ardhi wa Kamoto uliporomoka mwaka 1990, na shaba ya Gécamines ikashuka kutoka tani zaidi ya 470,000 kwa mwaka katikati ya miaka ya 1980 hadi chini ya 50,000 mwaka 1994. Si haki kuibebesha elimu ya sumaku lawama ya anguko hilo, ambalo lilikuwa na sababu za kisiasa na za kifedha. Ila ni haki kusema kwamba elimu hiyo haikuwapo upande wa muuzaji.

Kobalti yarudi kwa mlango mwingine

Mwaka 1980 John Goodenough na wenzake wa Oxford, Uingereza, walionyesha kwamba oksidi ya lithi na kobalti inafaa kwa betri, na mwaka 1991 kampuni ya Sony ikaziuza betri za namna hiyo. Goodenough mwenyewe alikuwa bingwa wa usumaku wa oksidi kabla ya kuingia katika betri. Leo zaidi ya theluthi mbili ya kobalti inayochimbwa duniani hutoka Kongo, na sehemu kubwa yake hutoka Lualaba, ikiwemo ile inayochimbwa kwa mikono katika mashimo ya hatari.

Mwaka 1992 makundi mawili ya watafiti wa Marekani yalichapisha habari za aloi ya shaba na kobalti. Metali hizo mbili, ambazo Kolwezi hutoka katika mwamba mmoja, hazikubali kuungana vizuri zikiwa ngumu. Kobalti hujitenga kwa chembechembe ndani ya shaba. Watafiti waligundua kwamba ukinzani wa umeme wa mchanganyiko huo hupungua sana unapowekwa katika uga wa sumaku.

Nayo nadharia ya kioo cha spini ilihamia nje ya metali. Mwaka 1982 John Hopfield aliitumia hesabu ya spini kueleza jinsi mtandao wa neva unavyoweza kuhifadhi kumbukumbu. Kazi hiyo, iliyoheshimiwa kwa Tuzo ya Nobel mwaka 2024, ni mojawapo ya misingi ya mashine zinazojifunza.

Suala la lugha

Kiswahili ni mojawapo ya lugha nne za taifa nchini Kongo, na katika miji ya migodi ya Katanga ndicho kilichowaunganisha wafanyakazi waliotoka Kasai, Maniema na kwingineko. Kilikuwa lugha ya amri na ya kazi. Hakikupewa nafasi ya kuwa lugha ya kueleza kazi yenyewe. Mfanyakazi aliambiwa kwa Kiswahili abebe nini na wapi. Sababu ya kubeba iliandikwa kwa Kifaransa. Mgawanyo huo unaendelea shuleni, ambako lugha za taifa hutumika katika madarasa ya mwanzo na kukoma pale sayansi inapoanza.

Istilahi si kikwazo kisichoshindika. Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Dar es Salaam ilitoa kamusi sanifu ya biolojia, fizikia na kemia mwaka 1990. Lakini dhana iliyojadiliwa hapa inaonyesha kwamba kutafsiri neno hakutoshi. "Spini" ni heri ikopwe, kwa sababu "mzunguko" humfanya mwanafunzi afikirie kitu kinachozunguka kingine. "Kioo" ni gumu zaidi. Kwa Mswahili kioo ni cha dirisha au cha kujitazamia, na sifa zake ni kung'aa na kuonyesha. Sifa inayokusudiwa na wanafizikia, yaani ugumu usio na mpango, haimjii msikiaji. "Mgando wa spini" lingekuwa karibu zaidi na kitu chenyewe, ila barafu nayo huganda, na barafu ina mpango. Pendekezo lenye nafuu ni kubaki na "kioo cha spini" kama istilahi, na kutumia kitenzi "kuganda" katika kufundisha. Kuhusu "mkwamo", neno hili linafaa kuliko "mfadhaiko", kwa kuwa linaeleza hali ya mambo, si hisia ya mtu.

Hitimisho

Historia ya kioo cha spini husimuliwa kwa majina ya miji kama Leiden, Uppsala na London, na masimulizi hayo ni ya kweli. Upungufu wake ni kwamba huanza pale metali inapofika maabara ikiwa safi, kana kwamba haikutoka popote. Historia ya Kolwezi nayo husimuliwa kwa tani, bei na vita, ikakoma pale metali inapopakiwa garini. Makala haya yamejaribu kuziweka pamoja, na yameonyesha kwamba pengo kati yake lilikuwa na gharama mwaka 1978.

Pengo hilo halijazibwa. Betri zisizo na kobalti zimekwisha kubuniwa na zinauzwa. Endapo kijana wa Kolwezi ataweza kusoma habari hiyo, kuielewa na kuijadili na wenzake kwa lugha wanayoizungumza, atakuwa na kitu ambacho waliomtangulia mwaka 1979 hawakuwa nacho. Kazi ya kumwandalia lugha hiyo ni ya idara za Kiswahili pamoja na zile za sayansi, na haihitaji heliamu wala tanuri.